Vitufe vya Dada Thekla

Juzi tumemzika Dada Thekla huko Maguu, na baridi ya Maguu mnaijua, ile ambayo mtu akipiga chafya asubuhi inaganda hewani, mnakuja kuisikia mchana jua likitoka. Mimi mtu wa ziwani, nimekulia kwenye joto la Mbamba Bay, nilisimama pale kaburini nimejitandika khanga juu ya khanga mpaka watoto wakadhani nauza khanga. Akasimama mpwa wake kusoma wasifu wa marehemu. Alizaliwa, akabatizwa, akapata kipaimara, akasoma mpaka chuo, aliwahi kufanya kazi katika chama cha wakulima wa kahawa akaacha, akaenda Songea akawa anachapa kazi za watu kwenye steshenari, akaugua, akafariki. Akaacha. Mwaka mzima wa maisha ya mtu, na wa maisha yangu mimi pia, umewekwa kwenye neno moja, tena la uongo. Nyuma yangu mama mmoja akamnong'oneza mwenzake, "Ndiye yule aliyemfuta Mzee Desderi." Mwenzake akaguna, ule mguno wa mtu aliyekuwa anajua siku zote.

Katibu wa kile chama cha kahawa alikuwepo. Siku hizi anatembelea fimbo lakini bado wanamwita Katibu, na kwenye msiba ule ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati, kiti chake mbele kabisa, karibu na sufuria za nyama. Walipouliza nani ana neno la mwisho kwa marehemu, nikasimama. Akanitazama, akanijua, akatabasamu vizuri kama mzazi. Akasema kwa sauti ya upole, "Mama Gaude, yale ya kompyuta tuyaache yalivyo, si ndiyo?" Na mimi Gaudensia, mimi ambaye watu wa forodhani wanasema nikiongea na samaki anatoka majini mwenyewe kuja kubisha, nikasema, "Ndiyo, mzee." Nikakaa. Nimeshuka mlima na ile ndiyo imenikwama kooni kama mwiba wa samaki wa mbasa.

Habari za baba na mama na wapi nilizaliwa nitaziruka, ni za kawaida tu, umaskini ule ule na samaki wale wale. Nianzie nilipopanda Mbinga kutafuta kazi, binti mnene mwenye kelele, sijui kusoma hata jina langu. Nikapata kazi ya kupika kwenye ofisi ya chama. Ofisi yenyewe ilikuwa nyuma ya ghala la kahawa, vyumba viwili vilivyotenganishwa na ukuta wa mbao, huku jiko langu, kule chumba cha kompyuta. Mbao zenyewe zilikuwa zimeachana, mtu akijikuna kule mimi huku najua kajikuna wapi. Kila kitu kilinuka kahawa ya maganda, chumvi ilinuka kahawa, ugali ulinuka kahawa, nikienda kuungama padri anajua nimetoka wapi kabla sijapiga magoti. Na kompyuta, ile ya zamani yenye mgongo, mgongo mkubwa kama nguruwe wa misheni. Jenereta likiwashwa ghala zima linatetemeka, panya wanahamia kwa jirani.

Mwenye kompyuta alikuwa Dada Thekla. Binti wa Maguu, mwembamba, mrefu, anatembea ameinamisha kichwa kama anatafuta sindano. Alikuwa ametoka chuo, na chama kilimchukua kwa majaribio atengeneze programu ya kuandika wanachama, kilo za kahawa, na mbolea. Majaribio maana yake ni kwamba kwenye mkutano mkuu, ambao mwaka ule ungefanyika Maguu kwao, wanachama wataiona programu, na wakiikubali, Thekla anaajiriwa na mashine zinapelekwa vituo vyote. Wakiikataa, anarudi nyumbani kuchuma kahawa na cheti chake. Hayo niliyasikia siku ya kwanza kabisa kupitia kwenye mbao, Katibu akimwambia huku anatafuna. Katibu alikuwa mtu wa kula. Maharage alikuwa anayala kama yalimtukania mama yake. Na mimi hakuwahi kuniita jina. "Mnyasa," ananiambia, "leo umeleta samaki au umeleta hadithi ya samaki?" Namjibu kwamba samaki walikuja mpaka nusu ya mlima, wakasikia yeye yupo, wakarudi. Anacheka mpaka meza inatikisika. Nasema haya mjue kwamba hakuwa mtu mbaya wa kuonekana. Wabaya wa kuonekana mtu unajikinga.

Sasa niwaeleze kazi yenyewe ya Thekla, maana hapo Maguu msibani hakuna aliyeijua. Programu ina madirisha. Dirisha la wanachama, dirisha la kilo, dirisha la mbolea. Na kila dirisha lina vitufe vya kubonyeza: Ongeza, Hifadhi, Tafuta, Chapa, Futa, Funga. Mwanzoni Thekla alikuwa anavitengeneza vitufe upya kwa kila dirisha, kama mpishi ambaye kila akija mgeni anajenga jiko jipya. Kwa hiyo dirisha hili Hifadhi iko kushoto, dirisha lile iko kulia, hapa kitufe kinene, pale kimekonda. Katibu alikuwa anapotea humo ndani kama mlevi njia panda. Anataka kuhifadhi, anabonyeza Funga, kazi ya asubuhi yote inapotea, anatukana mashine, mimi huku jikoni napunguza chumvi kwa hofu.

Siku moja nimebeba chai kwenye sinia, namkuta Thekla amesimama mlangoni. Hanipishi. Anatazama sinia. Ananiuliza, "Gaude, hili sinia akija padri unalileta hili hili?" Nikamwambia hili hili, chama hiki mnafikiri kina masinia mangapi. "Na ikiwa msiba?" Hili hili, navyobadilisha ni vikombe, na mlango wa kuingilia. Akarudi kukaa, chai hakunywa, ikapoa mpaka ikaota ngozi. Jioni akaniita. Akasema amekuwa mjinga muda wote huo. Atatengeneza sinia moja, yeye aliliita paneli. Paneli haijui habari za kahawa wala mbolea. Inajua kubeba vitufe tu, kuvipanga mstari mmoja, kuvipa nafasi sawa katikati. Dirisha linapofunguka linaiambia paneli: mimi nataka vitufe hivi na hivi, majina yao haya, na kimoja kikibonyezwa niite, mimi ndiye ninayejua cha kufanya. Basi. Paneli moja, madirisha yote. Alinieleza kwa furaha mpaka kamasi zikamtoka, na mimi nikafurahi, ingawa nilikuwa nimeelewa sinia peke yake.

Halafu maneno yakamsumbua. Kitabu alichojifunzia kilikuwa na vitufe vya maneno mafupi kama kikohozi. Vyetu ni "Ongeza Mwanachama". Kitufe kikakata, kikaandika "Ongeza Mwanach", ukikisoma unadhani mtu amekabwa. Thekla akaifundisha paneli ipime kwanza neno refu kuliko yote, halafu vitufe vyote vichukue upana wa lile neno. Nikamwambia hiyo ni sare ya kwaya, anapimwa yule mnene, wengine wote wanavaa ile ile. Akacheka, akasema mnene ni wewe. Kweli ilikuwa mimi.

Akanifanya kuwa mtu wa kujaribu. Alisema, "Wewe hujui kusoma, ndiyo maana nakutaka." Mausi aliponipa niliipokea kwa mikono miwili na goti nikalikunja kidogo, kama unavyopokea kitu kwa mkubwa. Akacheka sana siku hiyo. Baadaye tulikuja kujua kwamba pale pale, kwenye lile goti langu, ndipo shida yote ilipokuwa, lakini siku hiyo ilikuwa kichekesho. Kwa ajili yangu akaweka na picha ndogo ndogo kwenye vitufe. Futa ilikuwa ufagio. Hifadhi ilikuwa kihenge, kihenge cha nafaka cha kwetu ziwani chenye miguu, maana nilimsimulia kile cha bibi yangu. Alikichora nukta kwa nukta, na paa likatoka limelala upande wa kushoto kama kofia ya mlevi. Nikamwambia limepinda. Akasema liache, la bibi yako halikupinda? Lilipinda.

Na hapo kwenye vitufe ndipo nilipojifunza kusoma, mimi niliye mbele yenu. Watu wengine wanaanza na a, e, i, o, u. Mimi nilianza na Hifadhi. Naangalia kihenge, naangalia maandishi chini yake, mpaka siku moja Thekla akaondoa picha zote bila kuniambia, akasema bonyeza Tafuta, nikabonyeza Tafuta. Akasema Chapa, nikabonyeza Chapa. Nikatoka nje nikaanza kusoma mji wa Mbinga, magunia, kuta, lori, kila kilichoandikwa nakisoma kwa sauti, watu wakadhani nimepagawa. Usipa ule niliopika jioni hiyo, dagaa wetu wa ziwani, uliungua wote. Tuliula hivyo hivyo, mweusi kama makaa, Thekla akasema ni usipa mtamu kuliko wote aliowahi kula, na Katibu akasema Mnyasa sasa akijua kusoma nani atapika.

Kuna kosa moja paneli ilikuwa nalo, mimi ndiye niliyelikanyaga. Nilifunga dirisha la kilo, nikafungua la mbolea, nikabonyeza Hifadhi, na mbolea yote ikaandikwa kwenye kahawa. Kwa muda mfupi chama chetu kilikuwa tajiri kuliko vyote duniani, kinavuna kahawa kwa malori ya samadi. Kumbe paneli ilikuwa bado inalikumbuka dirisha la kwanza. Thekla akatengeneza. Akasema, "Paneli haitakiwi kukumbuka. Dirisha likifungwa, isahau kabisa alikuwa nani." Alisema hivyo huku anafungua ganda la karanga. Leo nikikumbuka sauti yake nasikia baridi kuliko ile ya Maguu.

Mkutano mkuu ukafika. Kompyuta ilipanda Maguu juu ya lori la kahawa, nimeikumbatia mimi mwenyewe njia nzima, mgongo wake kwenye tumbo langu, kona moja baada ya nyingine, tungeanguka wangezika sanduku moja. Jenereta tuliazima parokiani. Meza ikatandikwa kitambaa cheupe cha altare, na watu wakajaa mpaka wengine wakakaa juu ya mibuni, nasema kweli, juu ya mibuni kama ndege. Thekla akaeleza vizuri. Katibu akaeleza tena, vizuri zaidi, kwa namna ambayo ulisikia ni kama yeye ndiye aliyeitengeneza na Thekla alikuja kumshikia taa. Halafu akasema, kama ilivyo desturi yetu, kitu kipya aanze mkubwa. Akaitwa Mzee Desderi.

Mzee Desderi alikuwa ndiye mkulima wa kwanza wa kahawa katika vilima vile. Ukimsikiliza yeye, alikuwepo kabla ya vilima. Maisha yake yote alikuwa katekista, kusoma anajua. Akakaa, akavua kofia kwa heshima ya mashine, akaishika mausi kwa mikono miwili. Kwenye kioo yalikuwepo majina ya wanachama wote wa Maguu. Akaanza kitufe cha kwanza kushoto, akasonga mbele kimoja kimoja. Mashine ikamuuliza: Unataka kuhifadhi? Akabonyeza Ndiyo, na kwa mdomo pia akasema, "Ndiyo." Unataka kuchapa? "Ndiyo." Alikuwa anaitikia kama litania, sauti ile ile ya kanisani, na watu nyuma yake wakaanza kuitikia pamoja naye, wanacheka, ndiyo, ndiyo. Akaufikia ufagio. Thekla akaona. Akasema, "Mzee, samahani, subiri kidogo," na mkono wake ukaenda mpaka karibu na mkono wa mzee, ukasimama hapo hewani, maana binti anaushikaje mkono wa mzee yule mbele ya mkutano. Katibu akamwambia, "Mwache mzee." Mashine ikauliza: Una uhakika unataka kufuta wote? "Ndiyo."

Majina yakaondoka. Kioo kikabaki cheupe kama kile kitambaa.

Halafu mtu mmoja kule nyuma akasema, "Jamani, tumekufa?" Mkutano mzima ukalipuka kwa kicheko. Na kicheko kile, mimi mcheshi, mimi ninayekula kwa kuchekesha, ndicho kicheko pekee nilichowahi kukichukia. Thekla alikuwa na nakala kwenye diski, aliyarudisha majina yote kabla sufuria ya pilau haijafunuliwa, lakini sufuria ilipofunuliwa nani alikuwa anaangalia kioo? Waliondoka wameshiba na wana hadithi.

Kesho yake tukaenda kwa Mzee Desderi na sukari, Thekla alitaka kujua. Tukamsalimu shikamoo, tukakaribishwa ndani, karibu na moto, tukapewa viazi. Mzee alikuwa anakohoa, alikohoa msimu wote ule wa baridi, kijiji kizima kilikuwa kinamsikia. Thekla akamuuliza kwa adabu, mzee, kwa nini ulibonyeza ndiyo pale? Mzee akashangaa swali. Akasema, "Mwanangu, imekuja kutoka Mbinga mpaka kwetu. Imeniuliza vizuri, kwa heshima, unataka? Niseme hapana mbele ya watu, nionekane nimemkatalia mgeni?" Tukazunguka nyumba nyingine, wote jibu hilo hilo. Kitu cha chama kikikuuliza, unakiitikia.

Njiani Thekla alicheka mpaka akakaa chini kwenye majani. Akasema wazee hawajakosea chochote, mashine ndiyo haina adabu, inamuuliza mtu swali ambalo jibu la heshima linamwumiza. Tulipofika Mbinga hakula. Akabadilisha. Kwa kuwa paneli ilikuwa moja, alibadilisha mahali pamoja tu, na madirisha yote yakabadilika. Sasa ukibonyeza ufagio, mashine haikuulizi kama unataka kufuta. Inakuuliza: Niiache ilivyo? Ukiitikia ndiyo kama mtu mwenye adabu zako, hakuna kinachopotea. Anayetaka kweli kufuta, huyo lazima ajikaze aseme hapana. Nilibonyeza mimi, nikajaribu kila njia kuharibu, nikashindwa. Akamwita Katibu. Nikasikia kwenye mbao Katibu anabonyeza, anabonyeza tena, anacheka kidogo puani. Akasema, "Nzuri hii. Umefikiri. Iache hapo hapo kwenye kompyuta." Kumbukeni hayo maneno. Mimi siku ile niliyafurahia, nikaongeza mafuta kwenye maharage.

Kabla kahawa haijakauka kwenye vitanda vya kuanikia, Mzee Desderi akafa. Alikufa kwa kifua, mtu mzima wa miaka isiyohesabika. Lakini neno likatoka sijui wapi. Nililisikia kwanza kilabuni, kwenye pombe ya komoni, mtu anasema kwa utani kwamba mzee alijifuta mwenyewe. Baada ya muda mfupi utani ukavua kofia yake, ukawa si utani tena. Binti wa fulani ana mashine, ukiandikwa humo akabonyeza ufagio, umekwisha. Kina mama waliokuwa wanamletea Thekla ndizi wakaacha. Watu wakaja ofisini kusema majina yao yatolewe. Kuyatoa maana yake ni kuyafuta, na kufuta ndiko wanakokuogopa, kwa hiyo wanasimama mlangoni hawajui waombe nini. Ukiiangalia ni kichekesho. Niliwahi kuisimulia hapa forodhani kama kichekesho, watu wakashika mbavu, nikarudi nyumbani nikalia.

Siku aliyoitwa, nilikuwa namenya viazi. Katibu alisema wanachama wanaogopa. Thekla akamuuliza, "Wewe unaamini?"

"Mimi siamini."

"Basi waambie. Wewe ulikuwepo. Wewe ndiye uliyesema mwache mzee. Waambie mashine ilishatengenezwa, waje waijaribu."

Nikasikia kijiko kinazunguka kwenye kikombe. Katibu akasema, "Binti yangu, mimi siamini. Ila mimi ni mtu wa wanachama." Basi, mambo yaliishia hapo. Hakupiga kelele, hakumfukuza, alimwambia tu kwamba majaribio yamekwisha, na akamaliza chai yake. Thekla alikuja jikoni akala nami pale chini, ugali wa mahindi na usipa, hakusema lolote isipokuwa kwamba safari hii haukuungua. Asubuhi akapanda lori la Songea. Nyumbani Maguu hakurudi, angerudije.

Akaja jamaa mmoja wa tai, kutoka Songea, kijana wa heshima, viatu vinang'aa mpaka kuku wanajitazama. Katibu akamweka kwenye kiti kile kile. Nilimpelekea chai kwa sinia lile lile, nikachungulia kioo. Madirisha yalikuwa yale yale, ila ameyapaka bluu. Mkutano uliofuata walimpigia makofi, na nilisikia anaelezwa kwamba huyu sasa ni mtaalamu, si kama yale ya yule binti. Paneli ile ilitengenezwa itumike tena na tena. Watu tulitumika mara moja. Nikaacha kazi, nikashuka ziwani, nikaanza kukaanga samaki, na hapo ndipo mliponikuta.

Thekla niliwahi kumwona Songea, kwenye steshenari ya mtu, amekaa nyuma ya mashine anachapa kadi za harusi za watu. Tulikumbatiana, tukacheka, akanitania unene. Nikamuuliza kama bado anatengeneza. Akasema siku hizi anachapa tu kinacholetwa. Hakuwahi kutengeneza kitu kingine. Vidole vile.

Sasa niwaambie ya jana. Nilikuwa nimekata tiketi ya meli kwenda na samaki zangu upande wa juu, msiba ukaingilia, na tangu nirudi mwili hauna hamu ya safari. Nikaenda dirishani bandarini kuirudisha. Kijana wa tiketi, mtoto mzuri, akanisalimu shikamoo, akageuza kioo ili nione jina langu kama ndilo. Siku hizi kioo ni chembamba kama kaki. Nikaona jina langu. Halafu nikaona chini yake vitufe, mstari mmoja, upana sawa kama kwaya, nafasi sawa katikati. Kwenye kimoja pana kihenge chenye miguu. Paa limelala kushoto.

Nikajishika kwenye dirisha. Nikajisemea sawa, paneli waliichukua, hilo nilishalijua tangu siku za bluu. Kijana akabonyeza ufagio. Na mashine ikauliza, nikaisoma mwenyewe, kwa macho aliyonipa yeye: Niiache ilivyo?

Hapo ndipo nilipoelewa. Kwamba siku walipompigia makofi yule wa tai, kosa lilikuwa limesharekebishwa, na aliyelirekebisha ni Thekla, na Katibu alijua, maana alilibonyeza mwenyewe akacheka puani. Alikuwa na dawa mkononi, akaacha watu waseme mganga ameua. Kisha dawa akampa mwingine auze. Nikamuuliza kijana nani ameitengeneza hii. Akasema ni mkurugenzi mmoja wa Songea, ana ofisi kubwa, amewatengenezea watu wengi kila mahali. Akasema, "Ila ina adabu hii, mama. Inauliza kinyume. Sisi tumeshazoea, hatujui hata kwa nini."

Kidole chake kilikuwa kinasubiri. Kioo kinasubiri. Niiache ilivyo? Nikaisikia ile sauti ya upole ya msibani, karibu na sufuria za nyama, yale ya kompyuta tuyaache yalivyo, si ndiyo. Nikasikia na yangu inavyoitikia.

"Mama," kijana akaniuliza, "nibonyeze ipi?"

Nikasema hapana. Nilisema kwa sauti mpaka waliokuwa nyuma yangu kwenye foleni wakanyamaza. Kijana akabonyeza, akanipa pole ya safari. Alidhani naijibu mashine.